Mishahara ya Miezi Mitatu

Nyaketcho aliileta kwa wilbaro,
imefungwa blanketi la hospitali, mafundo mawili,
kama mgonjwa asiyetakiwa kuonwa na majirani.
Kompyuta ya ofisi ya stoo, stesheni ya Tororo,
rangi yake ya maziwa imegeuka chai.
"Haiwaki."
"Tangu lini?"
"Tangu wanipe."

Ofisi ilipofungwa hapakuwa na fedha.
Karani alipewa mizani, mlinzi akapewa mlango,
na yeye, mpiga chapa, akapewa hii
badala ya mishahara ya miezi mitatu.
Akatia sahihi. Akaibeba.
Miaka ishirini na tisa imekaa chini ya kitanda
na yeye juu yake, hajui
kama alilipwa au hakulipwa.

Sikumwambia kitu. Nikachukua bisibisi.

Ndani: saruji.
Vumbi la kiwanda limelala tabaka juu ya tabaka,
na kwenye feni nyigu amejenga kwa udongo
vyumba vitano, kisha akahama bila kulipa kodi.
Nikapuliza. Nikapiga chafya.
Betri imetapika kijani juu ya bodi;
nikaiosha kwa siki na mswaki wa mwanangu
(nitamnunulia mwingine, asiambiwe).
Fyuzi nzima. Swichi nzima.
Nikawasha: kimya.
Si kimya cha kifo. Hicho nakijua, kina harufu ya plastiki.
Hiki ni cha mtu anayesikia akiitwa
na kuna kitu kimemkaba.

Nikashika mita.
Volti kumi na mbili, sifuri. Volti tano, sifuri.
Nikaichomoa bodi, nikaupa umeme kazi ya balbu ya pikipiki:
balbu ikawaka.
Kumbe mwizi yumo ndani ya bodi.

Siku mbili nilimsaka.
Nyaketcho alikuja baada ya soko, akaketi na ungo wake
akimenya karanga, akinisimulia bila kuulizwa:
"Barua zangu hazikuwa na kosa.
Makosa yalikuwa ya meneja. Nikiyasahihisha kimyakimya."

Siku ya tatu mita ikalia pasipopaswa kulia:
kapasita moja, njano, ndogo kama punje ya mtama,
imeunganisha vinavyopaswa kutengana.
Punje moja, na nyumba nzima imelala njaa.
Nikaikata.

Feni ikazunguka. Skrini, giza bado.
Nikang'oa chipu za kumbukumbu moja moja,
nikazisugua miguu kwa kifutio cha shule,
nikairudisha kila moja kwenye kiti chake.
Diski ya kwanza ukungu, ya pili ukungu.
Ya tatu, iliyoandikwa kwa wino mwekundu USIGUSE,
tukaigusa.

Mlio mmoja, mfupi.
Nyaketcho akaacha karanga.
Herufi za kijani zikajitokeza gizani
zikauliza leo ni tarehe gani.

Nikamsogezea kiti. Nilidhani atalia, au atahesabu miaka.
Akabonyeza kitufe kikubwa, pap, bila kuandika lolote.
"Tarehe ilikuwa kazi ya meneja."
Mashine ikajiamulia: Jumanne,
mosi Januari, mwaka wa themanini.
"Loo! Siku hiyo hata sijaajiriwa."

Akaandika jina lake, kwa vidole vyote kumi, bila kutazama.
Ikajibu: amri mbaya.
Akacheka mpaka ungo ukamwagika.
"Ndiyo yenyewe! Hata zamani ilikuwa na mdomo hivi."

Kisha akafungua fundo la leso.
"Basi nililipwa," akasema,
akizinyoosha noti zangu mezani moja baada ya nyingine,
na sauti yake haikujua ikae wapi,
maana lalamiko la miaka ishirini na tisa
si kitu cha kumwachia fundi
kama skrubu iliyozidi.

Skrubu moja ilizidi, kweli.
Sijui ya wapi.